Jinsi ya kuirekebisha risiva ya sinema ya nyumbani ilingane na chumba

WENGI wanaonunua mtambo wa sinema ya nyumbani huishia kulalamikia jambo moja: milipuko na ngurumo za filamu hutikisa madirisha, ilhali maneno ya waigizaji hayasikiki. Aghalabu lawama huangushiwa spika, na mwenye mtambo hurudi dukani kutafuta nyingine za bei ya juu zaidi.

Mara nyingi spika hizo hazina hatia. Kinachoharibu sauti ni chumba, hasa kile kilichojengwa kwa mawe au matofali ya saruji, kikatandazwa vigae sakafuni na kutiwa madirisha mapana ya vioo, kama zilivyo sebule nyingi za nyumba za kukodisha katika miji ya Kenya. Sauti hugonga kuta hizo na kurejea ikiwa na karibu nguvu zile zile ilizoendea nazo.

Hii ndiyo sababu risiva nyingi zilizotengenezwa katika miaka ya 2000 na baadaye huuzwa pamoja na maikrofoni ndogo. Risiva ni kile kisanduku kinachopokea sauti na picha kutoka kwa king'amuzi, kicheza-diski au kompyuta, kisha kikaipa sauti nguvu na kuigawia spika. Ndani yake huwa na programu ya kupima chumba na kurekebisha sauti ilingane nacho. Inasikitisha kwamba katika nyumba nyingi maikrofoni hiyo haijawahi kutolewa kwenye mfuko wake wa plastiki.

Programu hizo zina majina tofauti. Yamaha hutumia YPAO, Pioneer ilibuni MCACC, nazo Denon na Marantz zimetumia Audyssey kwa miaka mingi. Kampuni ya Audyssey ilianzishwa mwaka wa 2002 mjini Los Angeles na wataalamu wenye uhusiano na Chuo Kikuu cha Southern California. Miongoni mwao alikuwa Tomlinson Holman, ambaye awali alibuni viwango vya THX vya kumbi za sinema alipokuwa Lucasfilm. Dirac Live, ambayo ni mpinzani wake mkuu, ilitoka Uppsala nchini Uswidi, na tangu mwaka wa 2023 inaweza kununuliwa na kuongezwa kwenye baadhi ya risiva za Denon na Marantz.

Japo majina ni mengi, kanuni ni moja. Risiva hupiga mlio unaopanda kwa kasi kutoka sauti nzito hadi nyembamba, nayo maikrofoni huusikiliza kutoka mahali anapoketi msikilizaji. Kompyuta iliyomo hulinganisha mlio uliotumwa na ule uliofika. Palipoongezeka sauti hupunguzwa, palipopungua huongezwa kidogo, na kila spika hupewa muda wake ili sauti zote zimfikie msikilizaji kwa pamoja.

Ili kufahamu programu inachoweza na isichoweza, ni muhimu kwanza kuelewa jinsi besi inavyotenda ndani ya kuta nne. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewani. Noti nzito yenye mitetemo 40 kwa sekunde, yaani hezi 40, huwa na wimbi la urefu wa karibu mita 8.6. Sebule yenye urefu wa mita 4.3 ni nusu kamili ya wimbi hilo.

Katika sebule kama hiyo, wimbi linalokwenda hukutana na linalorudi, na noti hiyo hujikusanya kwenye kuta na kukaribia kutoweka katikati ya chumba. Aliyeketi kwenye kochi lililosukumwa hadi ukutani husikia mngurumo uliozidi kipimo. Mwenzake aliyeketi kwenye stuli katikati ya sebule hulalamika kwamba besi haipo. Wote wawili wanasema kweli.

Programu ya kurekebisha chumba hufaulu sana dhidi ya kasoro ya kwanza. Noti iliyozidi kwa desibeli 10 hupunguzwa kwa desibeli 10, na mngurumo hukatika. Faida yake huonekana mara moja kwenye mazungumzo ya filamu, kwa sababu sauti za wanaume hazifunikwi tena na uvumi wa besi.

Kasoro ya pili haina dawa ya kompyuta. Pale ambapo mawimbi mawili yanafutana, kuongeza nguvu ya spika huongeza lile linalokwenda na lile linalorudi kwa kiwango sawa, nayo yakaendelea kufutana. Isitoshe, kila desibeli tatu zinazoongezwa huhitaji nguvu maradufu kutoka kwa amplifaya. Desibeli tisa ni mara nane. Mtambo hupata joto, sabufa huanza kukwaruza, na pengo hubaki palepale.

Kwa hivyo kazi ya kwanza haifanywi kwa rimoti bali kwa mikono. Desturi ya kupanga viti vyote vikiegemea kuta huipendezesha sebule mbele ya wageni, lakini kochi la kutazamia filamu likisogezwa mbele hata kwa nusu mita, besi hubadilika kwa namna ambayo hakuna programu iwezayo kuiga.

Kuhusu sabufa, ipo mbinu ya zamani ambayo mafundi wa sauti wangali wanaitegemea. Sabufa huwekwa juu ya kochi, mahali pa msikilizaji, na wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka hupigwa. Kisha mwenye nyumba hutambaa kandokando ya kuta, sikio likiwa karibu na sakafu. Mahali ambapo noti zote zinasikika kwa usawa, hakuna inayovuma wala inayopotea, ndipo sabufa inapopaswa kukaa. Ni zoezi la kuchekesha kwa anayelitazama, ila halina gharama.

Zulia nene kati ya spika na kochi, rafu ya vitabu na mapazia mazito hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba. Visitarajiwe kupunguza besi, ambayo huvipita kana kwamba havipo. Mambo haya yatangulie upimaji, kwani fanicha ikihamishwa baadaye, vipimo vilivyochukuliwa vinakuwa vya chumba kingine.

Siku ya kupima, feni izimwe, madirisha yafungwe na jokofu lililo karibu lizimwe kwa muda. Milio ya majaribio ina kishindo, kwa hivyo anayeishi kwenye ghorofa yenye majirani pande zote asisubiri usiku wa manane kwa kutafuta utulivu. Asubuhi ya siku ya kazi, watoto wakiwa shuleni, hufaa zaidi.

Sabufa nayo ina maandalizi yake. Kitufe chake cha sauti kiwekwe karibu na katikati. Kile cha kuchuja sauti kizungushwe hadi mwisho wa juu, maana kazi ya kuchuja itafanywa na risiva, na vichujio viwili vikifanya kazi moja huvurugana. Baadhi ya risiva huanza kwa kuomba sabufa irekebishwe hadi ifikie desibeli 75.

Maikrofoni isimame juu ya stendi ya miguu mitatu, kwa kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, ncha yake ikielekea darini. Kuilaza kwenye mto wa kochi au kuishika mkononi ni kuharibu kazi yote, kwa sababu itapima mto na mkono. Vilevile isigusane na mgongo wa kochi. Ikumbukwe pia kwamba maikrofoni hutengenezwa kulingana na aina ya risiva, na ya kampuni moja isitumiwe kwa mtambo wa kampuni nyingine hata kama waya wake unaingia.

Kipimo cha kwanza ndicho cha thamani kuliko vyote. Huchukuliwa pale hasa anapoketi msikilizaji mkuu, kwa kuwa umbali na kiwango cha sauti cha kila spika hukokotolewa kutoka hapo peke yake. Vingine, ambavyo kwa Audyssey pamoja na hicho cha kwanza hufika sita au vinane kutegemea aina ya risiva, huzunguka hicho cha kwanza kwa umbali usiozidi sentimita 60 hivi.

Hapa wengi hupotoka kwa nia njema. Hutaka kila kiti cha sebule kipate haki yake, wakaipeleka maikrofoni hadi kwenye kiti cha pembeni karibu na mlango. Programu hujaribu kupatanisha sehemu zisizopatana, na mwishowe hakuna kiti kinachopata sauti nzuri.

Upimaji ukiisha, risiva huonyesha matokeo, na baadhi yake hushangaza. Sabufa iliyo mita tatu kutoka kwenye kochi inaweza kuandikwa kuwa iko mita tano. Hilo si kosa. Vifaa vya umeme vilivyomo ndani ya sabufa huchelewesha sauti, na risiva huhesabu ucheleweshaji huo kana kwamba ni umbali. Atakayechukua futi ya kupimia na 'kusahihisha' tarakimu hiyo atakuwa ameiharibu.

Wakati mwingine risiva hudai kwamba waya za spika fulani zimepinduliwa. Ziangaliwe, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Zikiwa sawa, onyo lipuuzwe. Kama kiwango cha sabufa kimeshushwa hadi mwisho wa kipimo, ina maana kitufe chake kilikuwa juu mno, na inafaa kukipunguza na kuanza upya.

Tarakimu inayostahili kubadilishwa ni ile inayohusu ukubwa wa spika. Risiva nyingi huiita spika 'kubwa' mara tu inapoonekana kuwa na besi kiasi, na kuiachia mzigo wote wa sauti nzito. Ni heri zote ziitwe 'ndogo', na mpaka wa kuigawia sabufa uwekwe kwenye hezi 80, kiwango ambacho THX imekipendekeza kwa muda mrefu. Mpaka uliochaguliwa na programu unaweza kupandishwa bila madhara. Kuushusha hakufai, kwa kuwa chini ya hapo spika yenyewe imeshaishiwa nguvu na haikufanyiwa marekebisho.

Kuhusu sauti za juu, wataalamu hawakubaliani. Floyd Toole, mtafiti aliyefanya kazi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada na baadaye katika kampuni ya Harman, ameshikilia kwa miaka mingi kwamba juu ya hezi mia mbili au tatu hivi, kinachonaswa na maikrofoni chumbani si kile anachosikia binadamu. Sikio hutenganisha sauti iliyotoka moja kwa moja kwenye spika na ile iliyogonga ukuta, na maikrofoni moja haina uwezo huo. Spika nzuri inaweza kuharibiwa kwa kurekebishwa ilhali haikuwa na ila.

Hoja hiyo ina uzito, na watengenezaji wameisikia. Mwaka wa 2017 ilitolewa programu ya simu ya MultEQ Editor, kwa bei ya karibu dola 20 za Marekani, ambayo huwezesha mwenye risiva inayokubaliana nayo kuona michoro ya chumba chake na kuamua marekebisho yakomee kwenye masafa yapi. Kabla ya kutumia maelfu ya shilingi kwa spika mpya, hiyo ni gharama ya busara zaidi.

Suala la mwisho ni kiwango cha kusikilizia. Filamu huchanganywa katika kumbi ambamo sauti ya wastani ya kila spika kuu huwekwa kwenye desibeli 85, na vilele vyake vinaweza kufika 105. Ni nadra mtu kusikiliza hivyo nyumbani. Sauti inapopunguzwa, sikio hupoteza besi kwanza, ndipo filamu ikasikika nyembamba. Dynamic EQ ya Audyssey hurejesha besi hiyo kadiri sauti inavyoshushwa. Muziki haukuchanganywa kwa kipimo cha sinema, hivyo kwa nyimbo ni bora kupunguza makali yake kwa kuchagua 10 au 15 kwenye menyu.

Maneno ya waigizaji yakiwa bado hayasikiki vizuri, spika ya katikati iangaliwe ilipo. Iliyofichwa ndani ya kabati la runinga huzungumza na mbao kabla ya kuzungumza na watu. Isogezwe hadi ukingo wa rafu na kuinuliwa kidogo ielekee masikio, na kwa kuwa imehamishwa, chumba kipimwe tena. Baada ya hapo si haramu kuiongezea desibeli moja hadi tatu kwa rimoti. Anayeamua ni msikilizaji.

Ni vyema kuzima na kuwasha marekebisho hayo huku filamu ile ile ikichezwa, na kurudia zoezi hilo kwa siku kadhaa. Sikio lililozoea mngurumo huona besi safi kuwa pungufu jioni ya kwanza.

Umeme ukikatika, risiva haisahau vipimo. Ikirudishwa katika hali iliyotoka nayo kiwandani, vyote hufutika, kwa hivyo umbali, viwango na mipaka ya kila spika iandikwe kwenye karatasi au kupigwa picha. Marekebisho ya sauti yenyewe hayawezi kuandikwa hivyo. Kwa risiva isiyo na njia ya kuyahifadhi, upimaji utalazimika kurudiwa. Maikrofoni ihifadhiwe mahali pakavu pamoja na kijitabu cha maelezo, maana itahitajika tena siku ya kuhama nyumba.