Paa la Shosho

Mabati ya shosho kule Limuru yameshika ukoga wa kijani, na mabinamu zangu wanataka kuyakwangua kwa brashi ya waya. Mimi nawaambia: ngojeni kwanza.

Henry Robinson Palmer alipata hataza ya bati la mikunjo huko London mwaka wa 1829. Mwaka wa 1837, Stanislas Sorel akapata yake Ufaransa, ya kupaka chuma zinki. Mvua huimenya zinki kidogo kidogo, na hayo maji yenye zinki ndiyo huwanyima mwani na kuvumwani nafasi. Ukoga ukishika, hasa chini ya miti, mara nyingi zinki imepungua.

Na zinki hiyo ilinunuliwa kwa jasho. Baada ya uhuru, akina mama wa Mkoa wa Kati walichanga pesa, wakaezekeana nyumba kwa zamu. Nyasi ikatoka, maji ya mvua yakaingia kwenye mapipa. Watu wakaviita vikundi vya mabati, na shosho alikuwa humo.

Sasa brashi ya waya si itamaliza zinki iliyobaki, kutu iingie? Tukate matawi, tuzoe majani, tusugue na brashi laini na maji. Lakini kwanza tufungue paipu ya tangi. Shosho bado anakunywa kutoka paa hilo.