Riwaya ya Mapenzi na Taharuki: Istilahi na Mfano wa Beni na Butembo

Msomaji wa magazeti ya Dar es Salaam au Nairobi hulikuta neno taharuki penye moto sokoni, penye simba aliyeonekana kijijini, penye milio ya risasi mjini. Taharuki imezuka, gazeti husema, na kila mtu huelewa kwamba watu wamekimbia, maduka yamefungwa, na hakuna anayejua aende wapi. Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya hulikuta neno lilelile katika somo la fasihi, na huko huambiwa kuwa ni mbinu ya uandishi: hamu ya kutaka kujua litakalotokea, inayomfanya msomaji asiweze kukifunga kitabu.

Maana hizi mbili kwa kawaida hukaa pamoja bila ugomvi. Ugomvi huanza tunapotaka kuipa jina la Kiswahili riwaya ya aina moja mahususi, ambayo Waingereza na Wamarekani wameiandika kwa wingi tangu karne ya 20. Ndani yake watu wawili wanapendana huku hatari inawanyemelea, na swali la kama watapendana limefungwa pamoja na swali la kama watapona. Daphne du Maurier aliikaribia sana katika Rebecca ya mwaka 1938, na Mary Stewart akaipa sura yake kamili kuanzia mwaka 1955. Siku hizi mhusika wake mkuu huweza kuwa mama anayelea mtoto peke yake, na mwanamume anayeingia maishani mwake huweza kuwa mwandishi wa habari anayefukua jambo ambalo wengine wanataka libaki limefukiwa.

Pendekezo langu ni kuiita riwaya ya mapenzi na taharuki. Mfano nitautoa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika miji ya Beni na Butembo, kwa sababu huko mama wa namna hiyo na mwandishi wa namna hiyo ni watu wa kweli, na kwa sababu miaka michache iliyopita mapenzi na hatari vilikutana huko kwa namna ambayo inaifafanua istilahi hii kuliko kamusi.

Tuanze na taharuki yenyewe. Katika fasihi ya Kiswahili tuna riwaya maarufu za upelelezi, na ni rahisi kudhani kwamba zote zinaendeshwa na taharuki. Sivyo. Muhammed Said Abdulla alipomleta mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960, alitupa fumbo: mtu amekwisha kufa, nasi tunarudi nyuma kumtafuta muuaji. Udadisi wetu unatazama yaliyopita. Katika riwaya za Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974, macho yetu yamegeuzwa mbele. Tunajua kwamba jasusi Willy Gamba yuko hatarini, mara nyingi tunamjua hata adui, na kinachotuweka matumbo joto ni lile ambalo bado halijatokea. Hiyo ndiyo taharuki. Msomaji anaijua hatari, anamjali aliye ndani yake, na hajui mwisho. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, kinachobaki kina jina jingine. Asiyeijua hatari atapata mshtuko tu inapofika. Asiyemjali mhusika atasoma kama anayesoma taarifa ya ajali ya mbali. Na anayeujua mwisho tayari anaweza kuhuzunika au kufurahi, lakini hataharuki.

Sasa Beni. Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola huko Mangina, mji mdogo wa wilaya ya Beni. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Ulifika mahali ambapo tangu Oktoba 2014 watu walikuwa wakiuawa kwa mapanga na bunduki vijijini na pembezoni mwa mji, mahali ambapo mwanamke aendaye shambani alfajiri hakuwa na hakika ya kurudi. Wajane walikuwa wengi kabla virusi havijafika. Kwa hiyo mama anayelea peke yake katika eneo hilo mara nyingi hakuachwa na mtu wala hakumwacha mtu. Dar es Salaam wangemwita singo maza, na huko Kongo Kifaransa kina neno fille-mère kwa msichana aliyezaa bila kuolewa, neno lenye kidole cha lawama. Mwandishi wa riwaya atakayeanza na majina hayo atakuwa amempotosha mhusika wake kabla hajamtembeza hatua moja. Aanze na sababu ya upweke wake.

Ebola ina hesabu yake. Dalili hutokea kati ya siku 2 na siku 21 tangu mtu aambukizwe, na kwa hiyo kila aliyemgusa mgonjwa aliwekwa kwenye orodha na kufuatwa kwa siku 21. Watu wa Riposte, ndivyo wote walivyoiita kazi ile ya kupambana na ugonjwa, walikuja nyumbani kila siku na kipimajoto. Fikiria mama aliyemuuguza dada yake, naye ana mtoto wa miaka minne. Anaijua hatari kwa jina lake. Ameambiwa siku ya mwisho itakuwa lini. Kila asubuhi namba kwenye kipimajoto inampa siku moja zaidi ya kungoja. Hakuna mwandishi aliyelazimika kubuni kitu hapo. Maelezo ya taharuki katika vitabu vya shule husema kwamba msomaji hunyimwa habari ili aendelee kusoma, na naona maelezo hayo yana kasoro. Mama huyu hakunyimwa habari yoyote iliyokuwepo. Amepewa zote, na kwa sababu amepewa zote ndiyo maana usingizi haumjii.

Hapa ndipo zinapoachana taharuki ya magazeti na taharuki ya riwaya, na ndipo mwandishi wa habari anapoingia. Taharuki ya mtaani hukua watu wasipojua. Mwishoni mwa Desemba 2018, Tume ya Uchaguzi iliahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, wakati sehemu nyingine za nchi zikipiga kura tarehe 30 Desemba. Watu walioona wagonjwa wakihesabiwa kuwa sababu ya kunyimwa kura yao hawakuwa tena tayari kuamini kila kitu walichoambiwa kuhusu wagonjwa hao. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilivamiwa Februari 2019. Tarehe 19 Aprili 2019 Dakta Richard Mouzoko kutoka Kamerun, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo.

Katika hali hiyo mtangazaji wa redio alibanwa pande zote mbili. Akisema Ebola ipo kweli, ataambiwa amekula pesa za Riposte. Akiikosoa Riposte, ataambiwa anazua taharuki. Redio ndiyo iliyowafikia watu: Radio Moto ya jimbo Katoliki la Butembo-Beni, Radio Okapi inayotangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, na redio nyingi ndogo za jamii. Papy Mumbere Mahamba alifanya kazi katika moja ya hizo ndogo, huko Lwemba, wilaya ya Mambasa katika mkoa jirani wa Ituri, na aliwahimiza wasikilizaji wake wajikinge na Ebola. Usiku wa tarehe 2 Novemba 2019 aliuawa nyumbani kwake, mkewe akajeruhiwa, nyumba ikachomwa moto. Ninalitaja jina lake kwa heshima, na kwa sababu riwaya inayomweka mwandishi wa habari hatarini haina budi kujua kwamba hatari hiyo imeshalipwa kwa damu ya mtu mwenye jina.

Kazi ya mwandishi kama huyo ni kuipunguza taharuki mtaani kwa kusema yanayojulikana yote, mapema, kwa lugha ya watu. Kazi ya mtunzi wa riwaya ni kuilea taharuki kwa msomaji, naye pia huilea kwa kusema mapema: huonyesha hatari mwanzoni kabisa, kisha hulichelewesha jibu. Wote wawili wanafanya kazi na habari. Mmoja hutoa jibu mara tu anapolipata, mwingine huling'ang'ania hadi ukurasa unaofaa. Ndiyo maana naona mwandishi wa habari anafaa kuwa mhusika wa riwaya hizi kuliko polisi au jasusi. Desturi ya kazi yake inapingana na desturi ya kitabu alichomo. Anapogundua jambo analotakiwa kulitangaza, na kulitangaza kutamweka hatarini mwanamke anayempenda na mtoto wake, mapenzi na hatari vinakuwa swali moja.

Na mapenzi je? Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa upya katika eneo la Butembo. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke wa Biena, mke wa mtu aliyekuwa amepona katika mlipuko uliotangulia. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba virusi vilitoka katika mlipuko ule wa 2018 hadi 2020, si katika mnyama wa porini. Watu 12 waliugua na 6 wakafa kabla mlipuko huo haujatangazwa kwisha tarehe 3 Mei 2021. Wataalamu walikuwa wanajua tayari kwamba virusi vinaweza kubaki katika shahawa kwa miezi mingi baada ya mwanamume kupona, na waliopona walishauriwa watumie kondomu au wajizuie mpaka wapimwe na kukutwa hawana virusi mara mbili.

Kwa maneno mengine, palikuwa na mahali na wakati ambapo mtu aliyenusurika na kifo alipaswa kumweleza anayempenda jambo zito kabla hawajalala pamoja, na yule mwingine alipaswa kuamua. Riwaya nyingi za Ulaya na Marekani huiweka hatari nje ya mapenzi: muuaji yuko gizani, wapenzi wako ndani, mlango umefungwa. Huko Butembo hatari ingeweza kuwa ndani ya mapenzi yenyewe, bila mtu yeyote kuwa mwovu.

Kwa sababu hiyo nasisitiza kiungo na katika istilahi yetu. Tukisema riwaya ya mapenzi ya taharuki, msomaji ataelewa mapenzi ya papara, mapenzi ya watu waliorukwa na akili. Tukisema riwaya ya taharuki ya kimapenzi, taharuki inakuwa bwana na mapenzi yanakuwa pambo lake, nayo ndiyo kasoro ya vitabu vingi hafifu vya aina hii, ambavyo ungeweza kuyatoa mapenzi na mbio zikaendelea vilevile. Kiungo na kinaviweka viwili sawasawa. Kitabu kizuri cha aina hii kina kipimo chepesi: toa mapenzi, uone kama hatari bado ina maana, toa hatari, uone kama mapenzi bado yana uzito. Kama kimoja kinasimama bila kingine, mtunzi ameshona hadithi mbili pamoja na kuziita moja.

Nimechagua mapenzi badala ya mahaba kwa sababu mahaba ni ya wapenzi peke yao, ilhali mapenzi hubeba pia yale ya mama kwa mtoto, na katika riwaya hizi mtoto ndiye anayeifanya kila hatua ya mama iwe na gharama. Msomaji wa Beni angesema mapendo. Neno hilo huko ni la kila siku, na wengi hupewa kuwa jina lao. Kama mtunzi wa huko ataandika juu ya jalada lake riwaya ya mapendo na taharuki, sioni sababu ya mhariri yeyote wa Nairobi au Dar es Salaam kumsahihisha.

Kuna wanawake ambao ningependa wawemo katika kitabu hicho. Mtoto mchanga ambaye mama yake alilazwa kwa Ebola hakuweza kubaki naye, wala jirani hakuthubutu kumbeba. Shirika la UNICEF lilisaidia kufungua vituo vya kulea watoto karibu na vituo vya matibabu, Beni na kisha Butembo, na walezi walikuwa watu waliokwisha kupona Ebola, wengi wao wanawake, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga. Waliitwa berceuses, wabembelezaji. Waliwapakata watoto wa wengine, wakawaimbia usiku, wakingoja habari kutoka upande wa pili wa ua. Kama mmoja wao ni mjane mwenye mtoto wake mwenyewe nyumbani, na mtangazaji wa redio anakuja mlangoni kuuliza maswali ambayo mtaa hautaki yaulizwe, mtunzi hana haja ya jambazi mwenye kofia nyeusi. Barabara ya Beni hadi Butembo, kama kilomita 54, iliyokuwa na vizuizi vya kupima joto na kunawa mikono na hofu ya mashambulizi, inamtosha. Amri ya kutotoka usiku nayo inamtosha kuwatenganisha wawili wanaotaka kuonana.

Lakini afanye kazi hiyo kwa adabu. Waliokufa Beni, Mangina na Butembo wana ndugu ambao wako hai na wanasoma. Mtunzi akitumia kifo chao kuhamisha msomaji kutoka sura ya tatu hadi ya nne, kisha asiwatazame tena, atakuwa amefanya kile ambacho gazeti baya hufanya: amezua taharuki. Msomaji hutaharuki kwa ajili ya mtu, kwa hiyo mtu huyo lazima ajengwe kwanza, na kazi yake, mtoto wake, na neno analolitumia kumwita mama mkwe.

Kwa wachapishaji na walimu wa fasihi, ombi langu ni hili: iandikeni istilahi hii kikamilifu, riwaya ya mapenzi na taharuki, na msiifupishe kuwa riwaya ya kusisimua, kwa kuwa mechi ya mpira pia husisimua. Na kwa watunzi wa Kivu, kiandikeni kitabu hiki ninyi wenyewe, kwa Kiswahili chenu.