Neno la Mtoto na Kalamu ya Hakimu: Ushahidi wa Makosa ya Kujamiiana, 1967–2022

Kesi ya ubakaji wa mtoto inayoanzia Ngara au Biharamulo husikilizwa kwanza na Mahakama ya Wilaya. Rufaa yake huenda Mahakama Kuu mjini Bukoba, na mwisho huweza kufika mbele ya majaji wa Mahakama ya Rufani wanapokuja kuketi katika mji huohuo. Katika safari hiyo ndefu, kwa kawaida mtoto hutoa ushahidi mara moja tu, mbele ya hakimu wa wilaya. Majaji wa ngazi za juu hawamwoni wala hawamsikii, husoma kilichoandikwa. Ndiyo maana ninashikilia kwamba historia ya ushahidi wa mtoto nchini mwetu ni pia historia ya kalamu ya hakimu.

Tulianza na mashaka ya kurithi. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ilitumika Tanganyika mpaka tulipotunga yetu, Sheria Namba 6 ya 1967. Kifungu cha 127 cha sheria hiyo kilimweka mtoto asiyezidi umri wa miaka 14 katika kundi la pekee. Hakimu alipaswa kumhoji kwanza: je, anaelewa maana ya kiapo? Kama haelewi, je, ana akili ya kutosha, na anatambua wajibu wa kusema kweli? Ushahidi uliotolewa bila kiapo haukutosha kumtia mtu hatiani mpaka upatikane ushahidi mwingine wa kuuunga mkono. Lakini ubakaji hautendwi sokoni. Kudai shahidi wa pili kulikuwa kudai kitu ambacho, kwa asili ya kosa lenyewe, mara nyingi hakipo.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, Namba 4 ya mwaka huo, ambayo wengi wanaijua kwa jina la SOSPA. Wananchi waliisikia zaidi kwa adhabu zake: kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji, na kifungo cha maisha ikiwa msichana ana umri wa chini ya miaka 10. Badiliko ambalo halikusikika sana liliingizwa katika Sheria ya Ushahidi. Mahakama iliruhusiwa kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, mradi iandike sababu za kuridhika kwamba mtoto huyo hakusema ila kweli tupu. Mwaka 2006, katika rufaa iliyotoka Mbeya, Mahakama ya Rufani iliweka msimamo unaonukuliwa hadi leo, kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe.

Hata hivyo, mlango wa mahojiano ya awali ulibaki palepale. Hakimu aliyesahau kumhoji mtoto, au aliyemhoji bila kuandika maswali na majibu, aliuhatarisha ushahidi wote. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa ili mtoto aweze kutoa ushahidi bila kiapo, baada ya kuahidi kusema kweli na kutosema uongo. Ilionekana kuwa nafuu kubwa. Lakini katika rufaa iliyosikilizwa Bukoba na kuamuliwa mwaka 2019, ahadi hiyo haikuonekana katika kumbukumbu, na ushahidi wa mtoto ukakosa thamani. Mahakama ililazimika kuwaelekeza mahakimu namna ya kuuliza maswali mepesi: umri wa mtoto, dini yake, kama anaelewa kiapo, na kama anaahidi kusema kweli. Ni mwaka 2022 ndipo Mahakama hiyohiyo ilipokubali, katika shauri jingine, kwamba kasoro ya ahadi si lazima iuangushe ushahidi ambao ukweli wake umeiridhisha mahakama.

Kuna kalamu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni ya lugha. Mtoto wa Ngara huenda akawaza kwa Kihangaza au Kishubi, akaulizwa kwa Kiswahili, na maneno yake yakaandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Zipo hukumu zilizodai mtoto aeleze waziwazi tendo la kuingiliwa. Zipo nyingine zilizotambua kwamba mtoto aliyelelewa kwa heshima husema tu “alinifanyia tabia mbaya”, na kwamba maneno hayo yana maana kamili kwa anayeijua jamii yake.

Naandika haya bila kumsahau mshtakiwa. Anayekabiliwa na miaka 30 au maisha jela anastahili shaka yoyote ya msingi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilionya kwamba neno la mlalamikaji halichukuliwi kama Injili, bali lipimwe: je, linaoana na mazingira? Je, alimtaja mtuhumiwa mapema? Umri wake umethibitishwa? Fomu ya polisi namba 3, maarufu kama PF3, inaweza kuonyesha jeraha, lakini peke yake haimtaji aliyelitia.

Kupima ushahidi na kuupoteza ni mambo mawili tofauti. Ukipimwa ukaonekana mwepesi, haki imetendeka. Ukifutwa kwa sababu mtu mzima hakuandika sentensi moja, mtoto hajapimwa kabisa, na hata mshtakiwa asiye na hatia huondoka bila jina lake kusafishwa. Kwa hiyo, ndugu zangu mlio katika utumishi wa umma, polisi, waganga, maofisa ustawi wa jamii, waendesha mashtaka na mahakimu: sheria imechukua zaidi ya miaka 50 kujifunza kumsikiliza mtoto. Andikeni alichosema, kama alivyosema, siku aliyosema.