Mkerezaji na Zana Zake: Historia ya Ufundi na Msamiati Wake

Miongoni mwa maana za kitenzi kukereza ni kuuchonga mti huku ukizungushwa. Mtambo wenyewe huitwa kerezo. Ufundi huu ni wa kale. Katika kaburi la Petosiris, huko Tuna el-Gebel nchini Misri, mna picha ya kerezo iliyochongwa ukutani yapata mwaka 300 kabla ya Kristo: mtu mmoja avuta kamba, mwenziwe ashika chuma cha kuchongea. Swali letu ni hili: chuma cha namna hiyo hutengenezwa na nani, na ujuzi wake huhifadhiwaje?

Kwa seremala, ubao hutulia na randa ndiyo iendayo. Kwa mkerezaji mambo ni kinyume: mti ndio uzungukao, na kila umbo hudai ncha yake. Mguu wa kiti hutaka patasi bapa. Tumbo la bakuli hutaka chuma kilichopindwa kama ndoana. Ndiyo maana wakerezaji wengi wa zamani walikuwa pia nusu wahunzi.

Uhunzi huo una hatua zake. Tupa kuukuu, iliyofuliwa kwa pua, yaani chuma kigumu, hutiwa motoni hata iwe nyekundu, kisha huachwa majivuni ipoe polepole na kulainika. Meno yake huondolewa, maana huweza kuanzisha nyufa. Hupashwa tena, ikapindwa juu ya fuawe. Ndipo hutiwa matiko: huwekwa motoni hata iwe nyekundu na kutumbukizwa katika mafuta. Hapo huwa ngumu, lakini huvunjika kama kigae. Basi husuguliwa hata ing'ae, na kupashwa moto kidogo kidogo. Itokeapo rangi ya majani makavu, fundi huipoza mara moja. Akikawia, rangi hugeuka samawati na makali hayadumu.

Udhaifu wa ujuzi huu waonekana Uingereza. George Lailey wa Bucklebury, aliyefariki mwaka 1958, alikereza kwa nguvu za mguu, na kwa ndoana zake alitoa bakuli kadhaa, moja ndani ya jingine, katika gogo moja. Alipokufa, zana zake zilihifadhiwa katika makumbusho ya Reading, lakini hakuacha mrithi wa kazi. Robin Wood, aliyeufufua ufundi huo katika miaka ya 1990, alilazimika kuzichunguza ndoana zile na kujifunza kujifulia zake.

Kabla ya hapo, viwanda vilikuwa vimekwisha kubadili mambo. Yapata mwaka 1900, huko Bethlehem nchini Marekani, Taylor na White waligundua namna ya kuandaa chuma kisichopoteza ugumu hata kikipata moto mkali. Nafuu ilikuwa kubwa. Lakini chuma hicho hakitiwi matiko kwa urahisi katika tanuri dogo la fundi, na umbo la zana likaanza kuamuliwa na muuzaji.

Kiswahili nacho kina urithi wa kulinda. Mafundi wa Lamu walikereza miguu ya vitanda, na maneno pua, matiko, fuawe na kinoo yangali katika lugha yetu. Kamusi yaweza kutupa maana ya matiko. Rangi ya kungojea yajulikana na fundi. Kwa hiyo mtafiti wa msamiati asikusanye neno peke yake: na aandike pia kazi ilivyo, fundi angali hai.