Star Trek ya Katuni, 1973: Kipindi cha Kwanza na Sauti Zilizokaribia Kukatwa

Jumamosi tarehe 8 Septemba 1973, asubuhi, watoto wa Marekani waliowasha runinga zao kwenye NBC walimkuta Nahodha Kirk akiwa amechorwa. Ndiyo, amechorwa! Chombo ni kile kile, Enterprise. Spock na masikio yake yapo, Daktari McCoy na manung'uniko yake yapo, lakini wote sasa ni katuni. Tarehe yenyewe ilikuwa na maana kwa wapenzi wa Star Trek, kwa sababu mfululizo wa awali, ule wa waigizaji wa kweli, ulikuwa umepeperushwa mara ya kwanza na kituo hicho hicho tarehe 8 Septemba 1966. Miaka saba kamili.

Mashabiki wengi huiruka Star Trek ya katuni. Huiona kama kitu cha watoto, tena cha bei rahisi. Kwamba ilikuwa ya bei rahisi, sibishi. Lakini kaa nami kidogo tuitazame bei yenyewe, kwa maana hapo ndipo penye hadithi.

Mfululizo wa awali ulifutwa na NBC mwaka 1969 baada ya misimu mitatu na vipindi 79. Kisha vituo vidogo vikaanza kuurudia rudia, na watazamaji wakaongezeka badala ya kupungua. Kampuni ya katuni iliyoitwa Filmation, ya Lou Scheimer na Norm Prescott, ikaona nafasi. Gene Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek, akakubali, na D.C. Fontana, aliyekuwa mhariri wa hadithi katika mfululizo wa awali, akarudi kusimamia hadithi. Kipindi cha kwanza, "Beyond the Farthest Star", alipewa Samuel A. Peeples. Huyu ndiye aliyeandika "Where No Man Has Gone Before", jaribio la pili lililoishawishi NBC kuichukua Star Trek hapo mwanzo. Kwa hiyo mtu yule yule alifungua mlango mara mbili.

Na hadithi aliyoiandika haikuwa ya kitoto hata kidogo. Enterprise inachora ramani pembezoni mwa galaksi, mara inavutwa na nguvu isiyoonekana. Ni nyota iliyokufa, yenye mvutano wa kutisha. Wanaponusurika na kuanza kuizunguka, wanakuta hawako peke yao. Kuna chombo kingine pale, kikubwa ajabu, kilichojengwa na viumbe wa jamii ya wadudu, na kimekaa hapo kwa miaka milioni 300. Wakikichunguza wanaona jambo la kushangaza: kimepasuka kutoka ndani. Hakuna adui aliyekipiga. Mabaharia wake walikivunja wenyewe.

Ndani ya chombo hicho wanapata ujumbe wa nahodha wa wadudu wale. Kiumbe kisicho na mwili, cha nguvu za sumaku, kiliingia chomboni mwao kikakitawala. Wakaona heri wafe wote kuliko kukipeleka kwenye dunia nyingine zenye uhai. Kirk na wenzake wanarudi Enterprise wakidhani wameponea chupuchupu, kumbe kiumbe kimewafuata! Kinaingia kwenye tarakilishi, kinashika silaha, kinazima mitambo ya hewa, kinatoa amri. Enterprise sasa ni mwili wake.

Mtunzi yeyote wa programu akiisikia hadithi hii atasema neno moja tu: virusi. Lakini kumbuka huu ni mwaka 1973. Miaka miwili tu kabla ya hapo, Bob Thomas wa kampuni ya BBN alikuwa ameandika Creeper, programu ya majaribio iliyoweza kuhama kutoka mashine moja hadi nyingine kwenye mtandao wa ARPANET. Watu waliojua habari hiyo walikuwa wachache sana. Neno "virusi" kwa maana ya programu lilikuwa limetokea mwaka 1972 katika riwaya ya David Gerrold, "When HARLIE Was One", na Gerrold huyo huyo ni mmoja wa walioandika vipindi vya Star Trek ya katuni. Sidai kwamba Peeples aliwaza programu. Kiumbe chake ni jini kuliko msimbo. Ila mtoto aliyetazama asubuhi ile aliona tarakilishi ya chombo ikichukuliwa na mgeni aliyeingia pamoja na vitu vilivyoletwa kutoka nje, miaka kumi na zaidi kabla ya watu wa kawaida kuhangaika na jambo hilo mezani kwao.

Sasa turudi kwenye bei. Filmation walifanya kazi kwa njia ambayo sisi wa programu tunaijua vizuri: walikuwa na maktaba. Picha ya Kirk akigeuka, picha ya Spock akiinamia mitambo yake, Enterprise ikipita kutoka kushoto kwenda kulia, vyote vilichorwa mara moja vikahifadhiwa, kisha vikaitwa tena na tena kipindi baada ya kipindi. Hata muziki ulirudiwa hivyo. Ukitazama vipindi vitatu mfululizo utaanza kuwasalimu wenyeji: "Aa, ule mgeuko wa Kirk tena!" Mara nyingi uso unasimama tuli, unacheza mdomo tu. Nguo za kuvaa mahali pasipo na hewa? Kuzichora upya kwa kila mhusika ni kazi, kwa hiyo wakabuni mkanda wa kiunoni unaozungusha mwanga wa manjano mwilini. Unachora mtu yule yule wa siku zote, unamwongezea mwanga, tayari yuko angani. Mimi hucheka kila nikiuona, na pia huuvulia kofia.

Upande wa pili wa hesabu ndio ulioleta raha. Katika mfululizo wa awali, kiumbe kigeni kwa kawaida alikuwa mtu aliyepakwa rangi au kubandikwa paji la uso, kwa sababu kujenga kitu kikubwa kulikula fedha. Kwenye karatasi, chombo cha wadudu chenye maumbo ya viganda na mikono inayopinda kama mimea hakihitaji seremala. Peeples alilielewa hili mara moja, ndiyo maana kipindi cha kwanza kinaanza kwa kuonyesha kitu ambacho mwaka 1966 kisingewezekana. Mfululizo ulimleta hata Arex, afisa mwenye mikono mitatu na miguu mitatu, akakaa kwenye usukani kama kawaida.

Basi kama michoro ilikuwa rahisi, ghali ilikuwa nini? Sauti za watu. Mpango wa kwanza wa Filmation ulikuwa kuwalipa wachache: William Shatner, Leonard Nimoy, DeForest Kelley, halafu James Doohan na Majel Barrett wafanye sauti za wengine wote. Doohan aliweza kweli. Katika kipindi hiki cha kwanza yeye ndiye fundi Scotty na yeye ndiye kiumbe kinachoiteka Enterprise, anazungumza na nafsi yake. Waliokatwa katika hesabu hiyo walikuwa Nichelle Nichols, mwanamke Mweusi aliyeigiza Uhura, George Takei, Mmarekani mwenye asili ya Japani aliyeigiza Sulu, na Walter Koenig wa Chekov. Hakuna aliyesema wakatwe kwa sababu ya rangi. Ilikuwa bajeti tu. Lakini tazama bajeti ilipoangukia.

Nimoy akakataa. Alisema hatakuwa Spock iwapo Nichols na Takei hawatakuwepo, kwa kuwa ni wao walioonyesha kwamba wakati ujao una watu wa kila namna. Bila Spock hakuna Star Trek, na Filmation walilijua hilo. Wawili hao wakarudishwa. Koenig hakurudi, ila alipewa kuandika kipindi kimoja, "The Infinite Vulcan", kilichopeperushwa Oktoba 1973.

Kwetu sisi jina la Uhura lina uzito wake. Nichols alisimulia kwamba siku ya kujaribiwa alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo "Uhuru", inayohusu Kenya, na kutoka kwenye neno hilo Roddenberry akapata jina la afisa wa mawasiliano. Hata katika kipindi kilichopeperushwa tarehe 8 Septemba 1966, "The Man Trap", kiumbe mmoja anamlaghai Uhura kwa kumsemesha Kiswahili.

Halafu kuna sadfa nyingine ninayoipenda zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ndogo ya Marekani ya kupima eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 ndivyo vilivyosaidia kuwaelekeza wanaanga kwenye kitu cha kwanza kilichodhaniwa kwa nguvu kuwa shimo jeusi. Kwa hiyo wakati Uhura wa katuni anaketi kwenye mitambo yake huku chombo kinavutwa na nyota iliyokufa, Uhuru ya kweli ilikuwa imemaliza kazi yake miezi michache tu kabla, baada ya kuchunguza kitu cha aina hiyo hiyo.

Kirk anashindaje? Anaielekeza Enterprise kwenye nyota ile kana kwamba ameamua kufa na wote waliomo, kama walivyofanya wadudu. Kiumbe kinaogopa na kukimbia nje, na papo hapo chombo kinautumia mvutano wa nyota kujirusha mbali. Kiumbe kinabaki kinaomba kisiachwe peke yake, kimejaa upweke. Ni mwisho mzito kwa katuni ya Jumamosi asubuhi.

Watoto wa Los Angeles hawakuuona siku ile. Takei alikuwa anagombea kiti katika baraza la jiji hilo, na sheria ya utangazaji ilitaka wagombea wapewe muda sawa hewani. Kituo cha huko kikahofia kwamba sauti ya Sulu ingehesabiwa, kikapeperusha "Yesteryear" ya Fontana, ambayo Sulu hayumo. Mtu ambaye sauti yake ilionekana haina thamani ya kulipiwa sasa ilitosha kuondoa kipindi kizima hewani katika jiji zima! Takei alishindwa uchaguzi huo.

Wiki tatu baadaye, tarehe 29 Septemba, kikaja "The Lorelei Signal". Wanaume wote wakuu wa chombo wamelegezwa na mtego, na Uhura anachukua uongozi wa Enterprise, jambo ambalo katika vipindi vyote 79 vya awali hakuwahi kuruhusiwa kulifanya.