Seva zisizozima zahitaji mtandao wao wa matengenezo

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

WILAYANI Nyamagana, katikati ya Jiji la Mwanza, zipo ofisi ambazo kazi zake haziwezi kusubiri kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Matawi ya mabenki, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando na bandari ni mifano michache tu. Taasisi za aina hiyo ndizo zilizokusudiwa na wabunifu wa seva zinazostahimili hitilafu, yaani mitambo inayoendelea kufanya kazi hata kifaa kimoja ndani yake kinapoharibika.

Teknolojia hiyo si ngeni. Kampuni ya Tandem ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1974, ilikabidhi mtambo wake wa kwanza kwa Citibank mwaka 1976, na kampuni ya Stratus ikaanzishwa mwaka 1980. Katika seva za mtindo wa Stratus, nusu mbili za mtambo, kila moja ikiwa na kichakataji na kumbukumbu yake, hutekeleza amri ileile kwa wakati uleule. Nusu moja ikifa, nyingine huendelea, na mteja aliye dirishani hatambui lolote.

Ubora huo una hatari yake. Kwa kuwa hakuna anayelalamika, nusu iliyoharibika inaweza kukaa wiki kadhaa bila kubadilishwa. Siku nusu ya pili itakapopata hitilafu, seva iliyonunuliwa kwa gharama kubwa ili isizime itazima kama kompyuta nyingine yoyote. Kazi ya kwanza ya mtandao wa matengenezo, kwa hiyo, ni kuitangaza hitilafu ya kwanza. Kumwezesha fundi kuufikia mtambo akiwa mbali ni kazi ya pili.

Kwa Mwanza, kazi hizo mbili zina uzito wa pekee. Fundi aliyebobea katika mitambo ya namna hiyo anaweza kuwa Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, au hata Nairobi. Aidha, eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi kwa wingi duniani, na ngurumo za juu ya ziwa huvuma zaidi usiku, ofisi zikiwa zimefungwa. Ndiyo maana waya wa shaba unaotoka jengo moja hadi jingine haufai kwa mtandao huu. Mkonga wa nyuzi za kioo haupitishi umeme wa radi.

Usanidi wenyewe huanzia nyuma ya seva. Kila nusu ya mtambo huwa na kifaa kidogo cha usimamizi, chenye tundu lake la mtandao, kinachofanya kazi hata seva yenyewe ikiwa imezimwa. Kosa la kawaida ni kukipa anwani kifaa kimoja na kukisahau cha pili. Vyote viwili vinahitaji anwani, kutoka katika kundi la anwani binafsi lisilogongana na lile linalotumiwa na watumishi. Kama mtandao wa ofisi unaanzia 192.168.1, ule wa matengenezo unaweza kuanzia 192.168.50.

Ikiwa mfumo endeshi wa seva nao unaunganishwa huko kwa kadi ya ziada, kadi hiyo isipewe lango kuu la kutokea. Seva yenye malango makuu mawili huweza kutuma majibu ya wateja kupitia njia ya mafundi, na kosa hilo humsumbua fundi kwa siku nzima kabla ya kulibaini. Swichi nazo ziwe mbili, kila moja na chanzo chake cha umeme. Kuzifunga nusu zote mbili kwenye swichi moja ndogo, ya bei ya chakula cha mchana cha wakurugenzi, ni kuurudisha udhaifu ambao fedha nyingi zimetumika kuuondoa.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni njia ya kutoka nje ya jengo. Oktoba 4, 2021, amri ya matengenezo iliyokosewa ilikata mtandao wa ndani wa Facebook duniani kote. Njia ya akiba ya mafundi nayo haikupatikana, ikabidi watumwe watu hadi kwenye vituo vya seva, ambako milango yenye ulinzi mkali iliwachelewesha. Nchini Kanada, Julai 8, 2022, kampuni ya simu ya Rogers ilizimika ikiwa na wateja zaidi ya milioni 12. Mtandao wake wa usimamizi ulitegemea mtandao uleule ulioanguka, na wafanyakazi wake walikuwa wakitumia laini za kampuni hiyohiyo.

Tanzania nayo imepata funzo lake. Aprili 1, 2024, hitilafu katika gridi ya taifa ilizima umeme nchini. Mei 12 mwaka huohuo, mikonga ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikayumba. Ofisi ya Nyamagana inayotegemea intaneti hiyohiyo kutuma taarifa za hitilafu hujikuta bubu wakati inapohitaji kusema.

Dawa ni njia ya pili: modemu yenye laini ya simu ya kampuni nyingine, au setilaiti. Hata hivyo, kubadili jina la kampuni hakutoshi. Kampuni kadhaa hukodi Mkonga wa Taifa wa Mawasiliano, na mnara wa simu unaweza kuunganishwa na mkonga uleule uliokatika. Swali la kumuuliza mtoa huduma ni nyaya zake zinapita wapi, na jibu lake liwekwe kwenye mkataba.

Mlango wa mafundi ni mlango pia kwa wezi. Mwaka 2013, mamlaka za usalama wa mtandao za Marekani zilitahadharisha kuhusu udhaifu wa vifaa hivyo vya usimamizi. Tangu hapo ushauri haujabadilika: nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza, anwani zisionekane kwenye intaneti, na fundi wa nje afunguliwe njia iliyosimbwa kwa muda wa kazi yake tu, kisha ifungwe.

Baada ya usanidi, jaribio lifanywe mchana wenye wafanyakazi wa kutosha. Mtandao wa watumishi uchomolewe kwa makusudi, kisha fundi aliye Dar es Salaam aombwe kuifikia seva. Nusu moja ya mtambo itolewe, na saa itazamwe hadi ujumbe wa hitilafu umfikie mhusika. Kipuri kikifika kwa ndege usiku, ni lazima ijulikane mapema ni nani aliyeko Mwanza mwenye ufunguo wa chumba cha seva, na nani anaushika anapokuwa likizo.