Haiba ya mpakani, au haiba yenye hisia tete?

Mwaka 1938 Adolph Stern, daktari wa New York, aliandika juu ya wagonjwa waliomtatiza. Hawakuwa wamerukwa na akili, lakini hali yao ilikuwa nzito kuliko wasiwasi aliouzoea. Akawaweka mpakani, kati ya makundi mawili ya maradhi yaliyotambulika enzi zile. Mgawanyo ule wa zamani umeachwa, jina limebaki. Mwaka 1980 liliingia katika mwongozo wa maradhi ya akili wa Marekani, na kwetu hutafsiriwa "tatizo la haiba ya mpakani".

Msomaji akilikuta, halimwambii kitu. Mpaka wa nini na nini? Tena "haiba" mtaani ni mvuto wa mtu. Darasani ndipo humaanisha namna mtu anavyohisi, anavyofikiri na anavyoishi na wenzake. Wapo wanaopendelea "tabia", lakini ukimwambia kijana ana tatizo la tabia umeshamhukumu. "Hulka" nayo inasikika kama kitu alichozaliwa nacho na atakachozikwa nacho, na hilo si kweli. Mary Zanarini na wenzake, katika hospitali ya McLean huko Massachusetts, waliwafuatilia wagonjwa miaka mingi. Ndani ya miaka 10, zaidi ya 8 katika kila 10 walikuwa wamepata nafuu kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa na tatizo hilo. Kwa hiyo haiba naibakiza, mpaka nauacha. Napendekeza "haiba yenye hisia tete", tete kama tunavyosema hali ya mgonjwa ni tete: yaweza kugeuka wakati wowote.

Tumtazame mwanafunzi wa chuo aliyemtumia rafiki yake ujumbe. Tiki mbili zimekuwa bluu, jibu hakuna. Muda si mrefu ameshaamini kwamba ameachwa. Anaandika matusi, anayafuta, anaomba radhi, anapiga simu mfululizo, kisha anabaki na utupu unaomfanya awaze kujidhuru. Asubuhi jaribio linampita.

Chumba cha jirani, mwenzake naye amelikosa jaribio hilohilo. Yeye hakugombana na mtu. Tarehe aliijua. Alishika simu atafute fomula moja, saa nane za usiku akajikuta bado anatazama video za kutengeneza redio. Bumu la mkopo humwishia mapema, mitihani ya sapu inamrundikia. Jina la kitabibu la hali hii hutafsiriwa "upungufu wa umakini na utukutu", na hapa pia jina linapwaya. Utukutu ni wa mtoto anayeparamia madawati. Kwa mtu mzima mara nyingi huingia ndani, ukabaki mguu unaotikisika chini ya meza na mawazo yasiyokaa. "Kutotulia" kunatosha. Umakini wenyewe anao, kwani video zile alizitazama bila kupepesa. Kinachompungukia ni uwezo wa kuuelekeza anakotaka.

Kwa mbali wawili hawa wanafanana: wote hukurupuka, hupandwa na hasira upesi, huanza mambo bila kuyamaliza. Na hali hizi mbili hukutana kwa mtu mmoja mara nyingi. Uchunguzi wa kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 2 nchini Uswidi ulionyesha kwamba aliyethibitika kuwa na upungufu wa umakini alikuwa na uwezekano wa karibu mara 19 wa kuthibitika pia kuwa na haiba yenye hisia tete, ukilinganisha na asiye nao.

Kuzitenganisha kuna maana, kwa sababu tiba zinatofautiana. Upungufu wa umakini una dawa zinazosaidia wengi, kama methilifenideti. Kwa hisia tete, msingi ni tiba ya mazungumzo na mazoezi, kama ile aliyoiasisi Marsha Linehan huko Seattle, inayomfundisha mtu kustahimili hisia kali bila kujiumiza.

Lipo pia neno dogo linalosahaulika. Mwanafunzi aliyejaza hojaji ya hisia tete akapata alama za juu hajawa mgonjwa, ana "chembechembe" tu za hali hiyo. Mwongozo wa Marekani unadai dalili 5 kati ya 9, zilizodumu na zinazovuruga maisha.

Mshauri wa wanafunzi akiwapokea wawili hawa, maswali mawili yatamfaa kabla ya hojaji yoyote. La kwanza: ulikuwaje shule ya msingi? Upungufu wa umakini lazima uwe ulijitokeza kabla ya miaka 12. La pili: kabla hujakurupuka, nini kilitokea kati yako na mtu unayempenda? Mmoja atakuwa na jibu refu. Mwingine atasema hakuna kilichotokea, na aaminiwe.